Tangazo Linaloonekana Lakini Halisomeki: Tovuti ya Halmashauri na Wakazi Inaowahudumia

Katika ofisi nyingi za kata mkoani Songwe, ubao wa matangazo hutundikwa ukutani karibu na mlango. Kila mkazi anazifahamu kasoro za ubao ule. Karatasi ikibandikwa juu mno, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu haifikii kwa macho. Mvua ya masika ikipiga, wino huchuruzika. Asiyeona hana budi kumwomba mpita njia amsomee. Hata hivyo kasoro hizo zina dawa iliyo karibu. Mtendaji wa Kata yumo ndani, na mtu hubisha hodi akauliza.

Tovuti ya halmashauri ni ubao wa namna hiyo hiyo, ila nyuma yake hakuna mtu wa kubishiwa hodi. Mkazi huufungua usiku akiwa nyumbani kwake, au mchana akiwa kwenye foleni ya malori pale mpakani, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kifurushi kinachokaribia kwisha. Akiuelewa, amehudumiwa. Asipouelewa, huufunga akaenda zake, na sisi tulio ofisini hatupati habari zake kamwe. Takwimu zetu zitaonesha kwamba ukurasa umetembelewa. Hazitaonesha kwamba aliyeutembelea ameondoka mikono mitupu.

Jambo hili lina uzito kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita, kwa kuwa mengi yaliyokuwa yakifanyika dirishani yamehamia mtandaoni. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Zabuni za umma hutangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa NeST. Ushuru na ada hulipwa kwa namba ya malipo, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita kontroli namba. Mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kisheria hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo matangazo na maombi yake yamekwishaingia mtandaoni. Kwa hiyo mkazi anayeshindwa kusoma tovuti huikosa fursa yenyewe, na kuna wakati hajui hata kwamba ilikuwapo.

Mimi nililijifunza hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ofisi moja ya umma ambayo haina haja ya kutajwa hapa, nilikabidhiwa tangazo la mikopo ili nilipandishe kwenye tovuti. Lilikuwa karatasi moja nzuri, yenye nembo juu, sahihi chini, na muhuri wa rangi ya zambarau uliokolea. Nikaliskani, nikalipandisha, nikalitazama kwenye kompyuta yangu, nikaridhika. Majuma matatu baadaye, dirisha la maombi likiwa limekwishafungwa, alikuja ofisini mzee mmoja asiyeona, katibu wa kikundi cha wajasiriamali wenye ulemavu, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaeleza kwa upole ambao hadi leo unaniuma kuliko kama angenifokea.

“Mwanangu,” alisema, “mimi tovuti yenu huifungua kila Jumatatu. Simu yangu inanisomea. Ilipofika kwenye ukurasa ule ilisema: picha. Nikagusa tena, ikasema: picha. Nikajua ni picha ya sherehe, nikaipita.”

Tangazo lililotengewa watu wenye ulemavu fedha zao lilikuwa limeandikwa kwa namna ambayo mtu mwenye ulemavu asingeweza kulisoma. Hakuna aliyekusudia ubaya. Sahihi ilikuwapo, muhuri ulikuwapo, tarehe ilikuwa sahihi. Kikundi kile kilisubiri awamu nyingine.

Inafaa kueleza kilichotokea ndani ya simu ya mzee yule, kwa kuwa ndiko kosa liliko na ndiko tiba yake iliko. Watu wasioona hutumia programu ya kusoma skrini. Kwenye simu za Android programu hiyo huitwa TalkBack, na katika simu nyingi za aina hiyo huwa imekwishawekwa tangu dukani. Kwenye iPhone ipo VoiceOver. Kwenye kompyuta ipo NVDA, ambayo hutolewa bila malipo, nayo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe akiwa asiyeona. Programu hizi huyachukua maandishi yaliyomo kwenye ukurasa na kuyatamka kwa sauti. Lakini karatasi iliyoskaniwa haina maandishi ndani yake. Ina vidoa vyeusi na vyeupe vilivyopangwa vikafanana na herufi machoni mwa anayeona. Kwa programu, tangazo lile na picha ya mbuzi ni kitu kimoja.

Mtumishi anayeskani karatasi hafanyi hivyo kwa uvivu, na si haki kumlaumu kabla ya kuielewa sababu yake. Katika utumishi wa umma, waraka usio na sahihi wala muhuri ni waraka usio na baba. Mkazi naye amezoea kuutafuta muhuri ndipo aamini, na katika zama hizi za matangazo ya kughushi yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kuutafuta huko ni busara. Suluhisho basi ni kuviweka vyote viwili. Maneno ya tangazo yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, neno kwa neno, na chini yake kiambatishwe kivuli chenye muhuri kwa anayetaka uthibitisho. Kazi hiyo huongeza dakika kumi, kwa kuwa tangazo lilikwishachapwa kwenye kompyuta kabla ya kuchapishwa kwenye karatasi. Maneno yapo tayari, ni kuyanakili tu. Na waraka mrefu, kama vile bajeti au sheria ndogo, uhifadhiwe kuwa PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu ulikoandikiwa, bila kupitia kwenye mashine ya kuskani. Hapo maandishi hubaki kuwa maandishi.

Kuna kasoro nyingine ndogo, ndugu ya hiyo, ambayo ni wachache wanaoifahamu. Kila ukurasa wa tovuti huwa na alama iliyofichika inayoutangaza kuwa umeandikwa kwa lugha gani. Kwa Kiswahili alama hiyo ni herufi mbili, “sw”. Ikiwa fundi ameacha alama ya Kiingereza, programu ya kusoma skrini itayatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza. Msomaji mwenye macho hataona tofauti yoyote. Msikilizaji atasikia “halmashauri” na “mwenyekiti” yakitoka kama maneno ya mtu aliyefika nchini jana, tena mwenye mafua. Kulirekebisha hilo ni kazi ya mara moja, isiyogharimu shilingi.

Picha halisi nazo, zile ambazo kweli ni picha, zinahitaji maelezo mafupi yaliyoandikwa nyuma yake ambayo programu huyasoma badala ya kusema “picha” na kunyamaza. Chukulia picha ya Kimondo cha Mbozi, kile kilichopo Ndolezi, ambacho takriban kila ukurasa wa utalii wa mkoa wetu hukionesha. Maelezo yasemayo “kimondo” hayajasema kitu. Maelezo yasemayo “Jiwe la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, likiwa juu ya nguzo, wageni wamesimama kando yake” yamempa asiyeona kile ambacho mwenye macho amekipata. Na ikiwa picha ni pambo tu, ua lililowekwa kona ya ukurasa kwa mfano, basi ni vyema iachwe bila maelezo ili isimpotezee msikilizaji muda.

Nimeanza na wasioona kwa sababu ya mzee yule, lakini kundi la wanaozuiwa na tovuti mbaya ni pana mno. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Kati yao wamo watu wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa shida na huhitaji kuyakuza maandishi mara mbili au tatu. Ukurasa uliotengenezwa vibaya hukataa kukuzwa, au ukikuzwa maneno hupandana. Wamo viziwi, ambao video ya kiongozi akieleza utaratibu wa bima au chanjo kwao ni midomo inayochezacheza, isipowekewa manukuu au mkalimani wa lugha ya alama. Wamo ambao mikono hutetemeka, na vitufe viwili vilivyobanana kwenye kioo cha simu kwao ni mtego. Halafu tupo sisi wengine ambao sensa haikututaja: waliofika miaka hamsini na kuisahau miwani nyumbani, wanaosoma juani sokoni, wanaoshika simu kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba mtoto.

Kuhusu jua la sokoni, kuna kipimo. Taasisi ya kimataifa iitwayo W3C, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, imekuwa ikitoa miongozo ya ufikikaji tangu mwaka 1999. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Miongozo hiyo inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe ni 21 kwa 1. Maandishi ya njano juu ya nyeupe, ambayo baadhi ya wasanifu huyapenda kwa sababu yanafanana na rangi za bendera, hayafiki hata 2. Miongozo hiyo hiyo inakataza rangi peke yake kubeba ujumbe: fomu isiseme “sehemu zilizo nyekundu hazijajazwa”, kwa kuwa wako watu, wanaume hasa, ambao nyekundu na kijani kwao ni rangi zinazofanana. Iandikwe kwa maneno: “Hujajaza namba ya simu.”

Sasa nije kwenye mambo yanayotuhusu sisi wa Songwe kwa namna ya pekee, ambayo mwongozo wa Geneva au Boston hauwezi kuyajua.

La kwanza ni saa. Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na mstari, lakini Zambia iko nyuma yetu kwa saa nzima. Simu ya mkazi wa karibu na mpaka inaponasa mnara wa upande wa pili, saa yake hujirekebisha yenyewe, na mwenye simu asitambue. Tangazo lisemalo “mwisho wa maombi ni saa 10:00” huweza kusomwa kwa namna nne: alasiri au alfajiri kwa hesabu ya Kiswahili, asubuhi kwa hesabu ya mifumo ya kompyuta, na saa moja mbele au nyuma kulingana na mnara. Mifumo mingi ya kielektroniki hujifunga saa 23:59, muda ambao bibi aliyezoea kusema “saa sita usiku kasoro dakika moja” huutazama kama namba ya gari. Kwa hiyo tangazo liandikwe kwa ukamilifu: “Ijumaa, saa 10:00 alasiri, saa za Tanzania.” Maneno matatu yaliyoongezwa humwokoa mtu ombi zima.

La pili ni lugha. Kiswahili ni lugha yetu sote, lakini kwa wengi si lugha ya kwanza. Momba na Tunduma wanazungumza Kinyamwanga, Mbozi Kinyiha, Ileje Kindali, Kilambya na Kimalila, na Tunduma yenyewe, yenye watu zaidi ya 200,000 kwa hesabu ya sensa ya 2022, imekusanya wafanyabiashara na madereva kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Haiwezekani tovuti iandikwe kwa lugha zote hizo. Linalowezekana ni kuandika Kiswahili ambacho aliyejifunza lugha hii shuleni anakielewa kwa kusoma mara moja. Tazama sentensi hii, ambayo nimeitunga lakini kila mtumishi ataitambua: “Wananchi wote wanahimizwa kuzingatia utekelezaji wa zoezi la uhuishaji wa leseni kwa mujibu wa taratibu zilizoainishwa.” Maana yake ni: “Leseni yako ya biashara ikiisha muda, ihuishe. Fanya hivi.” Ya pili haijapoteza heshima ya serikali hata chembe.

Vifupisho ni ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Juu ya tovuti nyingi za halmashauri nchini kuna neno “MMM”. Ni Maswali ya Mara kwa Mara, na huenda ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote kwa mkazi wa kawaida. Lakini nimewauliza watu kadhaa barabarani neno hilo lina maana gani, na mmoja alinijibu kuwa ni benki.

La tatu ni mpangilio, na hapa naomba niseme bila kuzunguka. Tovuti za umma hupangwa kwa kufuata muundo wa ofisi: Divisheni ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji, Divisheni ya Maendeleo ya Jamii, Divisheni ya Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu, na kadhalika. Muundo huo ni muhimu kwetu tunaolipwa mishahara ndani yake. Mama anayetaka kufungua mgahawa karibu na stesheni ya TAZARA haujui, wala hana sababu ya kuujua. Yeye anacho kitenzi: nataka kufungua mgahawa. Ukurasa wa mbele ungeanza na vitenzi vya namna hiyo, yaani kuomba leseni, kuomba kibali cha ujenzi, kulipa ushuru, kuomba mkopo wa kikundi, kutoa malalamiko, angefika anakokwenda kwa mguso mmoja au miwili. Badala yake, nusu ya juu ya kioo cha simu hukaliwa na picha zinazojigeuza zenyewe za viongozi wakikata utepe. Sina ugomvi na utepe. Lakini picha zinazojigeuza zina madhara mawili yanayojulikana: humtoroka msomaji wa polepole kabla hajamaliza maandishi yaliyo chini yake, na humla kifurushi.

Kifurushi ni suala la hesabu tu. Simu ya kisasa hupiga picha yenye uzito wa megabaiti 4 au zaidi. Mtumishi akipandisha picha kumi za ziara kama zilivyotoka kwenye simu, ukurasa huo utakuwa na megabaiti 40, na mkazi anayeufungua atazilipia zote hata kama alichokuwa akikitafuta ni namba ya simu ya ofisi. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, ukurasa wote huwa megabaiti 1.5, na kwenye kioo cha simu hakuna jicho litakaloona tofauti. Mkazi wa Kamsamba ambaye mtandao wake huja na kuondoka hatahitaji kupanda kwenye kichuguu ili afungue tangazo la mpunga.

Yanabaki mambo ya fomu, na haya yana maumivu yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho zimetenganishwa kwa vistari. Fomu nyingine huzikataa zikiandikwa na vistari. Nyingine huzikataa zikiandikwa bila vistari. Na chache mno hueleza mapema zinataka nini. Kompyuta inaweza kuviondoa vistari yenyewe kwa kufumba na kufumbua. Hakuna sababu ya kumtwisha binadamu kazi hiyo. Vivyo hivyo fomu inayolazimisha barua pepe humfungia nje mkulima ambaye ana namba ya simu tu, na humpeleka kwenye stationari ambako kijana wa kaunta atamfungulia barua pepe, ataibuni nenosiri, na kubaki nalo yeye. Hapo ndipo siri za mtu huanza kutembea mjini. Fomu iombe kile tu kinachohitajika. Ikubali namba ya simu. Ihifadhi yaliyojazwa endapo mtandao utakatika. Na kabla haijaanza iorodheshe vitu vya kuwa navyo mkononi, ili mtu asifike hatua ya saba ndipo aambiwe alete namba ya mlipakodi.

Je, yote haya ni hisani? La. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja waziwazi upatikanaji wa habari na mawasiliano, intaneti ikiwamo. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Mwaka 2019 ikafuata Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10, iliyoipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango vya mifumo ya umma. Tovuti nyingi za mikoa na halmashauri zimejengwa juu ya mfumo mmoja unaosimamiwa na mamlaka hiyo, ndiyo maana ukifungua ya Ileje na ya Mbozi utaona mpangilio unaofanana. Faida yake ni kwamba kasoro ya kiunzi ikirekebishwa mara moja hurekebishwa kote. Lakini kiunzi kizuri hakimzuii mtumishi kupandisha picha ya karatasi. Hapo jukumu ni letu, huku halmashauri.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2018, kanuni zinazitaka taasisi za umma ziweke kwenye tovuti zao taarifa inayoeleza ni sehemu gani za tovuti hazifikiki bado, na mtu afanye nini akikwama. Nimeipenda desturi hiyo kwa sababu haidai ukamilifu, inadai ukweli. Hakuna kinachotuzuia kuandika aya moja ya namna hiyo kwenye ukurasa wetu: matangazo ya zamani bado yako katika picha, ukihitaji kusomewa, piga namba hii saa za kazi.

Namna ya kuijua tovuti yako ilivyo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, wala haihitaji mshauri mwelekezi. Mtumishi achukue simu ya bei nafuu, aende ofisi ya kata siku ya kliniki au siku ya mnada, amwombe mkazi mmoja akae naye dakika kumi. Ampe simu, amwambie: “Mama, hebu tafuta hapa tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo wa kikundi.” Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kidole kitaelea juu ya kioo, kitabonyeza pasipobonyezeka, kitarudi nyuma. Na kila mahali kinapositasita ndipo palipo na kazi ya kufanywa. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya ukurasa mmoja. Miongoni mwa watano hao awepo asiyeona mwenye simu yake mwenyewe, na awepo mtu mwenye uoni hafifu. Vyama vyao vipo na hufikika: Chama cha Wasioona Tanzania, CHAVITA kwa viziwi, na SHIVYAWATA kama shirikisho la wote. Tusiwakisie mahitaji yao ilhali wanaweza kutueleza wenyewe.

Mkazi naye anaweza kujipima bila kwenda popote. Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu, washa TalkBack, kisha fungua tovuti ya halmashauri yako ukiwa umefumba macho. Jihadhari: TalkBack ikiwashwa, kugusa mara moja husoma, na kugusa mara mbili ndiko kubonyeza, wengi huingiwa na hofu kwamba simu imeharibika. Utasikia mwenyewe kinachosemwa na kinachonyamaziwa. Ukisikia “soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi” mara kumi mfululizo, umekutana na viungo visivyo na majina, na asiyeona hawezi kujua kila kimoja kinampeleka wapi. Kiungo kiitwe kwa kile kilichomo: “Soma tangazo la nafasi za kazi”, si “bofya hapa”.

Pamoja na yote hayo, tovuti haiwezi kumfikia kila mtu, na si vyema tujidanganye. Mwenye simu ya kitochi hana tovuti. Kwake zipo huduma za serikali zinazopatikana kwa kupiga *152*00#, bila intaneti, upo ubao wa kata, ipo redio, upo mkutano wa kijiji. Njia hizo zote zinapaswa kubeba maneno yale yale, yenye tarehe ile ile, na hapo tovuti ina kazi nyingine: kuwa chanzo kimoja ambacho Mtendaji wa Kijiji, mtangazaji wa redio na mwalimu hukinakili bila kukosea. Chanzo kikiwa ni picha isiyonakilika, kila mmoja atachapa upya kwa mkono, na ndipo tarehe 13 inapogeuka 18 ikiwa njiani kuelekea kijijini.

Mkazi anayekwama kwenye ukurasa wowote asione haya kutuambia. Juu ya tovuti kuna sehemu ya Malalamiko. Andika ni ukurasa gani, ulikuwa unatafuta nini, na ulitumia simu ya aina gani. Mistari mitatu inatosha. Asiyeweza kuandika apige simu ofisini, au amweleze Mtendaji wa Kata ambaye atayafikisha maneno yake.

Yule mzee aliomba katika awamu iliyofuata. Safari hiyo tangazo niliwahi kulichapa lote kwenye ukurasa, kisha nikampigia simu kumuuliza kama lilisomeka. Akaniambia limesomeka, ila namba ya simu ya ofisi niliiandika bila nafasi kati ya tarakimu, na simu yake iliitamka kama kiasi cha fedha: mamia ya mamilioni. Tulicheka wote, nikaenda kuirekebisha.